Maisha ya Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na Habari ya Zao la Pamba

Mara nyingi tunapotaja watu waliotutangulia katika imani tunawakumbuka maaskofu, makasisi na wafia dini. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuvaa kanzu ya kanisani. Alikuwa mtawala, mwenye mashamba makubwa, mwandishi wa vitabu, na Mkristo wa Kanisa letu la Anglikana. Jina lake ni Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda tangu mwaka 1889 hadi 1926.

Tumemchagua kwa sababu moja. Sisi wa Nyabibuye na vijiji vya jirani, na ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu, ni watu wa jembe. Tunalima muhogo, mahindi, maharage na ndizi tupate kula. Tena wako kati yetu wanaolima pamba, na wengine tumbaku, na wale wa upande wa Manyovu wanalima kahawa, ili wapate fedha. Kila msimu swali linarudi katika nyumba zetu: shamba hili, mvua hii na mikono hii tuitumie kwa chakula au kwa mauzo? Apolo Kagwa ni mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Afrika Mashariki waliokutana na swali hilo wakiwa na madaraka ya kuwaamulia watu wengine. Mengine aliyafanya vema. Mengine yaliwaumiza watu. Inatufaa kuyajua yote mawili.

KIJANA WA IKULU

Apolo alizaliwa katika miaka ya 1860. Alikuwa wa ukoo wa Nsenene, na huyo nsenene ni mdudu yule yule tunayemwita senene. Akiwa kijana aliingia kutumika katika nyumba ya mfalme, Kabaka Mutesa wa kwanza, kama walivyofanya vijana wengi waliotazamiwa kupata vyeo baadaye.

Wamisionari wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, na mwaka 1878 akafika Alexander Mackay, fundi aliyejua kazi ya chuma, ya mbao na ya kupiga chapa. Mackay huyo ndiye aliyefariki mwaka 1890 huku Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, katika nchi yetu. Vijana wa ikulu walimwendea wajifunze kusoma, na kwa hiyo Waganda wakawaita Wakristo kwa jina la wasomaji. Apolo alikuwa mmoja wao. Kalamu aliyoishika wakati ule hakuiweka chini maisha yake yote.

Mwaka 1884 Mutesa alifariki, akatawala mwanawe Mwanga. Mateso yakaanza. Mwezi wa Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa kwanza, mwezi wa Oktoba akauawa Askofu Hannington kule Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto Namugongo. Apolo naye alikamatwa, akapigwa vibaya na kujeruhiwa, lakini akaachwa hai. Wenziwe wa umri wake walikufa, yeye akabaki. Tukiyatazama maisha yake tusilisahau jambo hilo. Alikuwa mtu aliyejua kwamba siku zake zote zilizobaki ni za nyongeza.

KATIKIRO

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita. Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa kitini, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Kiongozi wao alikuwa Mkatoliki, Honorat Nyonyintono. Huyo alipouawa vitani mwaka 1889, Apolo alishika uongozi, na Mwanga aliporudishwa mwaka ule ule akamfanya Katikiro.

Hatupendi kuficha kwamba mwezi wa Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki, waliokuwa wamekimbia pamoja na kuteswa pamoja, walipigana wao kwa wao pale Mengo. Apolo alikuwa mkuu wa upande wa Waprotestanti, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akawasaidia kwa bunduki zake. Waprotestanti walishinda, lakini jeraha lile lilikaa miaka mingi.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi, na mtoto wake Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu hivi, akawekwa kuwa Kabaka. Watu watatu wakachaguliwa watawale kwa niaba yake: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Kwa miaka kumi na saba Apolo alikuwa mkubwa wa nchi kuliko Mganda mwingine yeyote.

MKATABA WA 1900 NA KODI

Tarehe 10 Machi 1900 watawala hao pamoja na machifu waliwekeana mkataba na Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza. Mambo mawili katika mkataba huo yalibadili maisha ya kila mkulima.

La kwanza ni ardhi. Takriban maili za mraba 8,000 ziligawanywa kwa machifu na watu wengine wenye cheo ziwe mali yao wenyewe. Kwa sababu ardhi ilipimwa kwa maili, mashamba yale yakaitwa mailo, na jina hilo lingalipo Uganda. Apolo alipata sehemu kubwa. Lakini mkulima aliyekuwa akikaa pale tangu babu zake aliamka akajikuta mpangaji katika shamba la mtu mwingine. Hata makaburi ya ukoo mara nyingine yalikuwa yameandikwa kwa jina la mgeni.

La pili ni kodi. Kila nyumba ilitakiwa kutoa rupia 3 kwa mwaka. Rupia hizo mkulima angezitoa wapi? Alikuwa na ndizi, mbuzi, nguo za magome ya miti na simbi za kauri, lakini fedha hakuwa nayo. Miaka ya kwanza serikali ilikubali kupokea vitu badala ya fedha, na wasio na kitu walifanya kazi ya serikali. Hali ile haikuweza kuendelea. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale Kisumu, mwaka 1901, nayo ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5. Waingereza walitaka mzigo wa kujaza mabehewa, na viwanda vya Lancashire vilitaka pamba ili visitegemee Marekani peke yake.

Tena ulikuwa wakati wa msiba. Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa CMS wa hospitali ya Mengo waliona wagonjwa wa malale, na katika miaka michache ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa. Sisi wa Buha tunaelewa maana yake, maana wazee wetu nao walihamishwa na kukusanywa pamoja katika miaka ya 1930 kwa sababu ya malale.

MBEGU ZA PAMBA

Mwaka 1902 Apolo alisafiri hadi London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa saba. Alifuatana na karani wake, Ham Mukasa, na mmisionari Ernest Millar. Walikuta mfalme ni mgonjwa, na sherehe ikacheleweshwa hadi mwezi wa Agosti. Ham Mukasa aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Apolo alirudi akiwa ameyaona kwa macho yake majengo, mashine na biashara za Waingereza, na ari yake ya kuibadili nchi yake ikazidi.

Wakati huo CMS ilikuwa na idara ya kufundisha ufundi, chini ya Bwana K. Borup. Wakuu wa CMS waliona si vema misioni yenyewe ifanye biashara, kwa hiyo mwaka 1903 wafadhili wao Wakristo huko Uingereza walianzisha Kampuni ya Uganda, na Bwana Borup akawa meneja wake. Yeye ndiye aliyeagiza mbegu za pamba za aina kadhaa, tani mbili na nusu hivi, nazo zikagawiwa kwa machifu.

Hapo ndipo kazi ya Katikiro inapoonekana. Kampuni ilikuwa na mbegu, lakini haikuwa na watu. Watu walikuwa chini ya machifu, na machifu walikuwa chini ya Apolo na baraza la Lukiko. Kwa njia hiyo mbegu zilitoka Mengo zikafika kwa machifu wa majimbo, kwa machifu wadogo, na mwisho kwa mwenye jembe, zikifuatana na amri ya kupanda. Hakuna mzungu aliyeweza kufanya jambo lile kwa msimu mmoja. Mwaka 1904 mavuno ya kwanza yaliyopelekwa ng'ambo yalikuwa marobota 54 tu, yenye thamani ya pauni 236. Miaka kumi baadaye pamba ilikuwa ndiyo zao kuu la kuuza la nchi nzima ya Uganda, na thamani yake ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya pauni.

Mambo hayakwenda sawa tangu mwanzo. Aina mbalimbali za mbegu zilichanganyikana mashambani, watu wakachambua pamba kwa mashine ndogo za mkono, na wanunuzi wa Uingereza wakalalamika kuwa pamba ni chafu na nyuzi zake hazilingani. Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alitoa sheria kali: mbegu ya aina moja itokayo serikalini, mashine za mkono zikatazwe, na miti ya zamani ing'olewe na kuchomwa kila baada ya mavuno. Kazi ya kuhakikisha sheria inashikwa iliwaangukia tena machifu. Ndugu zetu wanaolima pamba leo wanaijua amri ya kung'oa na kuchoma masalia. Sasa wajue kwamba ni amri ya zamani, na ina sababu nzuri, maana wadudu hujificha humo.

KWA NINI WAGANDA HAWAKUFA NJAA

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana ndipo penye fundisho kubwa.

Miaka ile ile serikali ya Wajerumani nayo ililazimisha pamba katika nchi yetu, upande wa pwani na kusini. Huko watu walisukumwa na maakida na majumbe wakalime shamba moja la kijiji, wakiacha mashamba yao wakati wa mvua, na malipo yakawa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwezi wa Julai 1905 wazee wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waliokufa kwa vita, na hasa kwa njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa, ni makumi ya maelfu, na wako wanaohesabu zaidi ya laki mbili.

Zao lilikuwa ni lile lile. Tofauti ilikuwa wapi? Kwanza, Mganda alilima pamba katika shamba la nyumbani kwake, akaivuna mwenyewe na kuiuza mwenyewe, na fedha ikaingia mkononi mwake. Pili, chakula chake kilikuwa ndizi. Mgomba ukishapandwa hukaa miaka mingi, wala hauhitaji kupandwa upya kila mvua inaponyesha. Wanawake waliendelea kutunza migomba, na pamba ikapata nafasi yake pembeni bila kuiondoa chakula. Hiyo ilikuwa ni baraka ya nchi yao, wala haikuwa hekima ya serikali wala ya Katikiro.

Kwetu sisi hali si hiyo kabisa. Migomba tunayo, lakini sehemu kubwa ya chakula chetu ni mahindi, maharage na muhogo. Mahindi na maharage hutaka mvua ile ile na mikono ile ile inayotakiwa na pamba au tumbaku. Anayeiga jirani yake bila kuhesabu jambo hilo anaweza kupata fedha mwezi wa mauzo, na kabla ya mavuno mengine akaitoa yote kununua unga kwa bei ya juu.

Wala tusidhani kwamba fedha ya pamba ilikuwa ya uhakika. Bei haikupangwa Mengo. Ilipangwa Liverpool. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ilipanda sana, kisha kati ya mwaka 1920 na 1921 ikaporomoka, na mkulima aliyekuwa amefanya kazi sawasawa na mwaka uliotangulia akapata kidogo sana.

MATUNDA MEMA NA MATUNDA MACHUNGU

Fedha ya pamba ilifanya mengi mema. Ililipa kodi bila mtu kuuza mifugo yake. Ilinunua nguo, baiskeli na mabati. Ililipa karo za shule, na Apolo alikuwa mtetezi mkubwa wa shule. Gayaza ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, wakati wa utawala wake. Kanisa kuu la Namirembe lilipopigwa na radi na kuungua mwaka 1910, Wakristo wa Buganda walichanga fedha pamoja na marafiki wa mbali, na kanisa jipya likawekwa wakfu mwaka 1919. Apolo mwenyewe aliandika historia ya wafalme wa Buganda, na mila na koo za Waganda. Kama asingefanya hivyo, mengi yangepotea na wazee waliokuwa wakiyajua. Mwaka 1905 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Mwenye mailo alikuwa na haki ya kudai kodi ya ardhi, iliyoitwa busulu, na sehemu ya mavuno, iliyoitwa envujo. Zamani sehemu hiyo ilikuwa kibuyu cha pombe au mzigo wa chakula, kitu cha heshima. Pamba ilipoanza kuleta fedha, wenye ardhi wengi waliongeza madai yao, na mkulima akaona jasho lake linagawanywa kabla hajafika nyumbani. Asiyekubali aliweza kufukuzwa. Wazee wa koo nao, katika miaka ya 1920, walilalamika kwamba ardhi ya mababu zao ilichukuliwa mwaka 1900 na wale waliokuwa na kalamu. Apolo hakuwasikiliza. Alikuwa mmoja wa wenye kalamu, na mmoja wa wenye ardhi nyingi kuliko wote.

Tena kulikuwa na kazi ya lazima ya serikali, iliyoitwa kasanvu, tangu mwaka 1909 hadi mapema katika miaka ya 1920. Ilipokoma, na Waganda wakawa na fedha ya pamba, kazi ngumu za vibarua zilichukuliwa na wageni kutoka Ruanda, Urundi na upande wa Tanganyika. Waha wengi nao walikwenda mbali kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wazee wetu hawajasahau jina la manamba. Zao la biashara la mahali pamoja huvuta vijana wa mahali pengine, na kule walikotoka mashamba ya chakula hubaki mikononi mwa wanawake na wazee.

MWISHO WAKE

Mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa alifikia umri wa kutawala, naye Apolo akaendelea kuwa Katikiro. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Maofisa vijana wa Kiingereza hawakumheshimu kama wale wa kwanza, na Kabaka mwenyewe alitaka kutawala. Mwaka 1925 aligombana na afisa mmoja wa serikali juu ya vibali vya pombe ya kienyeji. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini swali lililokuwa ndani yake lilikuwa kubwa, yaani nani mwenye amri Buganda. Apolo alishindwa. Mwaka 1926, akiwa mgonjwa na mwenye uchungu, alijiuzulu baada ya miaka 37. Tarehe 21 Februari 1927 alifariki Nairobi.

Baada ya kifo chake, Lukiko, kwa kusukumwa na Gavana, lilipitisha sheria ya busulu na envujo, iliyoanza kutumika mwaka 1928. Sheria hiyo iliweka kikomo kwa madai ya wenye ardhi, na kumkinga mpangaji asifukuzwe bila sababu. Tangu hapo mkulima mdogo wa Buganda alipanda pamba, na baadaye kahawa, akiwa na moyo uliotulia. Yale aliyoshindwa kuyatoa Katikiro Mkristo kwa hiari yake yalikuja kwa sheria, yeye akiwa kaburini.

TUNAJIFUNZA NINI

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Apolo Kagwa. Hakumkana Bwana wake siku ya kisu. Alipenda elimu, alifanya kazi kwa bidii, na alitaka watu wake wasiwe nyuma ya mataifa mengine. Lakini tunaona pia kwamba mtu anaweza kusimama imara mbele ya mfalme mkali, halafu asisikie kilio cha maskini wa shambani kwake. Jaribu la mateso ni moja, na jaribu la mali ni jingine. Habari ya shamba la mizabibu la Nabothi tunaisoma kanisani, na imeandikwa kwa ajili yetu sisi wenye mamlaka ndogo au kubwa, katika kijiji, katika chama cha ushirika, na hata katika baraza la kanisa.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu wakulima. Kabla ya kupokea mbegu na mbolea kwa mkopo, keti na mke wako, mhesabu kwanza magunia ya chakula mtakayohitaji mpaka mavuno mengine, maana yeye ndiye ajuaye chungu kinakula nini. Kinachobaki cha nguvu na cha ardhi, kitieni katika zao la mauzo. Siku ya mauzo, simameni pamoja kwenye mzani, na wenye kujua hesabu wawasomee wasiojua. Fedha ikija, isiishie njiani. Yusufu aliweka akiba katika miaka ya shibe, na ndiyo sababu Misri ilipona.

Nanyi viongozi, mkikaa kuamua juu ya mashamba na mazao ya wengine, kumbukeni kwamba mwenye jembe naye ana neno la kusema, na lisikilizwe kabla sheria haijalazimisha.

Mungu abariki kazi za mikono yetu msimu huu, atupe mvua kwa wakati wake, na atupe mioyo ya kugawana.